Kidato cha Tisa

Saa kumi usiku, studio, ghorofa ya nne.
Gundi imenikaukia vidoleni kama ngozi ya pili.
Gregor amelala chini ya meza, kajifunika ramani
ya maktaba ambayo hakuna atakayeijenga.
Nje, mvua ya Glasgow inashuka kwa pembe ya digrii sitini.
Nimeipima. Sina kingine cha kupima
mpaka mashine ya kuchapia ikubali kuamka.

Mwajabu ananiandikia kutoka Kondoa:
Dada, mwaka wa tatu huo. Nyumba ngapi tayari?
Kumi na moja, namjibu. Zote za kadibodi.
Moja paka aliikalia.

Kazi ya muhula huu ilikuwa fupi:
chagueni ngazi moja mjini, ipimeni, ichoreni.
Wenzangu wakakimbilia za kioo na za chuma,
ngazi zinazojipinda kama moshi wa ubani.
Mimi nikaenda Dennistoun, jengo la mawe mekundu,
korido inayonuka dawa ya sakafu na vitunguu,
na Bi Cathie McGarvie, wa mlango wa kushoto juu kabisa,
kapiga magoti, ndoo ubavuni, anasugua.
"Zamu yangu wiki hii," akasema.
"Pita pembeni. Katikati pamelowa."

Nikapita pembeni. Nikapima.
Kidato cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa.
Cha tisa, rula ya chuma ikacheza.
Nikalaza pima maji: kiputo kikakimbia.
Jiwe lilikuwa limeliwa katikati,
milimita kumi na nane,
kibonde laini
kama kiganja kinachokinga maji.

Mbona hiki tu? nikamuuliza.
Akakikalia kwanza, ndipo akanijibu:
"Hapa ndipo pumzi huisha.
Magunia ya makaa, watoto, kochi la harusi yangu,
jeneza la Hughie.
Wote walisimama hapa, wakabadilishana mikono."

Kompyuta inapenda mstari ulionyooka.
Kila nikikipinda kidato, inanirudishia
kimekakamaa kama askari wa gwaride.
Nikaizima. Nikachonga penseli.

Saa nne asubuhi kuta zote zimebandikwa,
nasi tumesimama kando ya kazi zetu
kama washtakiwa na vielelezo vyao.
Profesa Lockhart anainamia yangu, miwani kwenye paji.
"Hapa mkono ulitetemeka?"
Hapana.
"Basi ni kasoro ya jengo. Huirekebishi?"

Nilikuja na majibu matatu ya Kiingereza,
nimeyapiga pasi usiku kucha;
yakatoroka yote kwa mlango mmoja.
Kilichobaki kooni ni methali ya ufa na ukuta,
na hata hiyo hainifai: hapa hapana ufa.

"Ni milimita kumi na nane za watu," nikasema.
Mtu akakohoa. Gregor akatazama viatu vyake.
Profesa akaandika kitu kirefu kidogo
na kugeukia ngazi ya kioo.

Alama zilitoka Ijumaa. Za kati.
Chini yake, kwa wino wa kijani:
Mchoro mzuri. Vipimo vihakikiwe upya.

Jumamosi nikarudi kuhakiki.
Zamu ilikuwa ya jirani mwingine, kijana wa vipokea sauti masikioni,
anadeki kwa haraka, maji kila mahali.
Nilibeba begi, ubao, stendi ya miguu mitatu,
na sikuwa nahesabu, naapa sikuwa nahesabu,
miguu ikasimama yenyewe.
Nikahamisha begi mkono wa pili.
Ndipo nikatazama chini.

Simu ikatetemeka. Mwajabu tena:
Na huko uliko sasa, ni sawa na kidato cha ngapi?
Cha tisa.
Acha uongo, vidato vinaishia sita.
Kipo, nikaandika. Nimekikalia.
Kimelowa.